Baraza na Njia: Historia ya Kukaa Nje katika Ngara na Biharamulo

Msafiri atokaye Nyakanazi kwenda Rusumo, akipita Lusahunga, Nyakahura na Benaco, huliona jambo moja ambalo kwa wingi wake halimshangazi mtu: nyumba karibu zote, za bati na za nyasi, za matofali ya kuchoma na za udongo, zimeelekeza nyuso zao barabarani, na mbele ya kila moja, hata iliyo duni, pana kisehemu kilichoinuliwa na kusakafiwa au kukandikwa, ambapo watu wa nyumba hukaa jua lipunguapo ukali. Hapo huchambua maharage, husuka nywele, husikiliza redio, humtazama apitaye na kumwamkia. Aghalabu hudhaniwa kuwa desturi hiyo ni ya kale kama vilima vyenyewe. Sivyo. Kukaa nje ni jambo la kale; kukaa nje kuikabili njia ni jambo la juzi, ambalo umri wake hauzidi karne moja hivi, nalo limeletwa na mambo ambayo hata moja halikukusudiwa kumpa mtu raha: kodi, kahawa, amri ya serikali na vita vya majirani.

Kaya iliyoipa njia kisogo: kabla ya 1894

Nchi hizi mbili, ijapokuwa leo ni wilaya jirani za mkoa mmoja wa Kagera, hazikufanana kwa tabia ya ardhi wala kwa utawala. Ngara ni nchi ya vilima virefu na baridi ya asubuhi, makao ya Wahangaza wa Bugufi, waliokuwa chini ya wafalme wa Burundi, na ya Washubi wa Bushubi, waliokuwa na mtawala wao wenyewe. Biharamulo, upande wa mashariki, ni nchi iliyo chini zaidi, yenye pori na mbung'o, maskani ya Wasubi, na kwa upande wa ziwa, ya Wazinza.

Nyumba ilikuwa msonge, ulioezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na mlango wake mfupi ulimlazimisha aingiaye kuinama. Huko Ngara msonge haukusimama peke yake: ulizungukwa na ua wa matete au wa minyaa, wenye lango moja, na nyuma yake ilikuwa migomba. Ndani ya ua huo ng'ombe walilala, nafaka ilipepetwa, moto ulikokwa, na jioni ilipoingia watu walikaa, mwenye kaya juu ya kigoda, wanawake na watoto juu ya mikeka au majani makavu, na pombe ya ndizi au ya mtama ikinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, kila mtu kwa zamu yake na kwa kadiri ya hadhi yake. Vitendawili vilitegwa hapo, nasaba za ukoo zilihesabiwa hapo, mashauri ya mahari yalikatwa hapo, nyuso zikielekea moto na visogo vikiielekea njia. Mgeni hakuiona familia ikiwa imekaa. Aliisikia, akasimama langoni, akabisha, akangoja.

Haikuwa adabu peke yake iliyozifanya kaya zijifiche. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda ilipita Usui, ndiyo nchi ya Wasubi kama wafanyabiashara walivyoiita, ikileta nguo, ushanga na nyaya za shaba na kuchukua pembe za ndovu. Walakini mamia ya wapagazi walihitaji kula, na aliyekaa kandokando ya njia aliwalisha kwa hiari au kwa nguvu. John Hanning Speke na James Grant walipopita Usui mwaka 1861, Suwarora, mtawala wa nchi hiyo, aliwazuia siku nyingi na kuwatoza hongo kubwa, na katika muda wote huo hakukubali kuonana nao uso kwa uso. Speke alilalamika sana katika kitabu chake, na wasomaji wa Ulaya wakamsikitikia. Lakini mtu akilitazama jambo hilo kwa jicho la mwenyeji, ataona kwamba mtawala alifanya katika ikulu yake lile lile lililofanywa na kila mwenye kaya katika kaya yake, yaani wageni wakae nje ya ua mpaka nia yao ijulikane.

Kivuli cha boma: 1894–1919

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni lote, alipita upande huu na kuvuka mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, akaingia Rwanda. Yeye alikuwa mpita njia, waliomfuata walikaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Wajerumani ilijenga boma huko Biharamulo, jengo la kuta nene lililopakwa chokaa, ambalo limesimama mpaka leo na limepata kutumika kuwa nyumba ya kulala wageni.

Hapana shaka kwamba wenyeji wengi walijifunza katika boma hilo maana ya kivuli kilichojengwa mbele ya mlango, wala hawakujifunza kwa furaha. Afisa alikaa kivulini na kalamu yake, karani na askari wakisimama ubavuni, na walioitwa walikaa juani, chini, wakingoja majina yao. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa katika koloni mwaka 1898 ijapokuwa huku ndani ilichelewa kufika, ilifanya nyumba ihesabiwe, na nyumba ihesabiwayo haina budi kuonekana. Ua na lango, vilivyokuwa kinga dhidi ya msafara, havikufaa kitu dhidi ya karani mwenye daftari.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka Rwanda na Burundi na kuliteka Biharamulo. Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi kwa mkataba wa mwaka 1919, na katika mgawo huo Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi tangu zamani, ikabaki upande wa Tanganyika. Malalamiko ya jambo hilo hayakwisha upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mwami Mwambutsa wa Urundi alilifikisha hata mbele ya Umoja wa Mataifa. Lakini mpaka ulikaa pale pale, na Mhangaza aliyekuwa na shangazi yake ng'ambo akajikuta jamaa zake wako nchi nyingine.

Kahawa, Buganda na bati: 1919–1960

Hiki ndicho kipindi kilichozaa baraza la nyumba kama tulijuavyo, na kwa sababu hiyo chastahili kukaliwa kitako zaidi ya vingine.

Chimbuko lake la kwanza lilikuwa utawala. Sheria ya mwaka 1926, katika siku za Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi na wami mamlaka ya serikali za wenyeji, pamoja na mahakama, hazina na makarani. Na mtawala aliyekuwa akisikiliza mashauri ndani ya ua wake akaanza kuyasikiliza mbele ya nyumba ya pembe nne, penye kiti, meza na paa lililotokeza nje. Wamisionari nao, Wakatoliki kule Rulenge na Waanglikana kule Murgwanza, walijenga nyumba zenye mabaraza marefu, na katika mabaraza hayo watu walingojea dawa, katekisimu, barua na ugomvi wa ndoa kusuluhishwa. Hapo ndipo baraza lilipoanza kuwa mahali ambapo mtu wa kawaida naye hukaa kivulini, wala si mahali pa kuitwa tu.

La pili lilikuwa safari. Vijana wa Bugufi na Bushubi, waliodaiwa kodi katika nchi isiyokuwa na kazi ya mshahara, walikwenda kwa miguu mpaka Buganda kulima pamba na kahawa za watu, wakarudi na mablanketi, baiskeli, nguo za wake zao, na macho yaliyokwisha kuona. Walikuwa wameziona nyumba za Waganda, zenye pembe nne na madirisha, ambazo mwenyewe hukaa mbele yake akiwa amevaa kanzu. Na mtu aliyekwisha kuona hivyo hakuridhika tena kuinama ili kuingia kwake.

La tatu, lenye nguvu kuliko yote, lilikuwa kahawa. Katika miaka ya 1930 Bugufi ilianza kupanda kahawa ya arabika, tofauti na Bukoba ambako robusta ndiyo iliyotawala, na wakulima wakaunda chama chao cha ushirika cha kuiuza. Fedha ya kahawa ilinunua bati. Na bati, kwa tabia yake, haliezekwi juu ya msonge: lataka kuta zilizonyooka, kenchi, na pembe nne. Hivyo umbo la nyumba lililodumu dahari likabadilika katika umri wa mtu mmoja, si kwa sababu mtu alilichukia la zamani, bali kwa sababu paa jipya halikulikubali. Mafundi walipoyatokeza mabati mbele ili mvua isizipige kuta za udongo, chini yake kikabaki kivuli, na kivuli hicho kikawekewa nguzo za miti, kikainuliwa kwa udongo ulioshindiliwa, kikakandikwa. Baraza likawa limezaliwa na haja ya kuulinda ukuta.

Kahawa haikuleta baraza tu, ililipa kazi. Baada ya kuchumwa, kahawa huanikwa juani kwa siku nyingi, nayo yahitaji mtu wa kuigeuza, wa kuifukuzia mbuzi na kuku, na wa kuikimbilia mawingu yakikusanyika. Mlinzi huyo alikuwa bibi au mtoto, na kiti chake kilikuwa barazani. Mtu aliyezaliwa Ngara katika miaka ya 1950, ukimwuliza alijifunza wapi majina ya mababu zake, aghalabu atakuambia kwamba alijifunza hapo, akiwa na kijiti mkononi, bibi yake akipukuchua mahindi kando yake na kuzungumza bila kuinua uso: fulani alimzaa fulani, fulani alikwenda Buganda asirudi, fulani aliozwa ng'ambo ya mto Ruvubu na watoto wake ni binamu zako, usije ukamposa mmoja wao. Mvua ikianguka, wote hukimbia na mikeka ya kahawa mikononi, na punde baadaye wamerudi kukaa pale pale, wakiisikiliza ikipiga bati kwa kishindo kisichoruhusu mazungumzo. Msonge ulikuwa na joto na ulikuwa kimya katika mvua. Wazee waliozaliwa ndani yake walilalamika kwamba katika nyumba za bati hawapati usingizi. Hawakusema hivyo juu ya baraza.

Biharamulo haikuwa na kahawa kwa kiasi hicho. Huko kilichowasogeza watu pamoja kilikuwa ugonjwa wa malale, ulioenezwa na mbung'o. Serikali ya Waingereza iliwakusanya watu waliotawanyika porini katika makazi yaliyofyekwa, ili mdudu akose kivuli. Watu walifuata amri shingo upande, wakaziacha kaya zilizokuwa mbalimbali, wakajikuta nyumba ya jirani iko machoni pao kutwa nzima.

Redio na kijiji: 1961–1976

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, na utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, baraza la mtemi lilinyamaza, na mazungumzo yakahamia katika nyumba za watu. Redio za betri zililisaidia jambo hilo. Mwenye redio kijijini hakuisikiliza peke yake: aliitoa nje jioni, akaiweka juu ya kigoda au dirishani, na majirani wakaja na vigoda vyao. Taarifa ya habari, Mazungumzo Baada ya Habari, matangazo ya vifo, muziki wa dansi. Na huku Ngara, kwa kuwa mawimbi hayajui mipaka, sauti za Bujumbura na Kigali pia, ambazo Wahangaza na Washubi walizielewa vizuri. Baba aliyekuwa hasemi na wanawe ila kwa amri alisikika sasa akibishana nao juu ya mambo ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Sidhani kwamba chombo kingine chochote kilipunguza hofu ya mtoto kwa baba yake katika nchi hizi kama redio ilivyopunguza, na ilifanya hivyo kwa sababu wote wawili walikaa upande mmoja, wakiitazama.

Kisha likaja jambo kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini, na mwaka 1974 operesheni ikaanza. Mkoa huu wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi, na sehemu zake hazikuguswa sawasawa: Bukoba, yenye migomba na mibuni ya kudumu, ilibaki karibu kama ilivyokuwa, ilhali Biharamulo na Ngara zilihamishwa. Watu waliamriwa kuacha kaya za mabondeni na vilimani, wakapimiwa viwanja kwa mstari, kandokando ya barabara, ili shule, zahanati na lori la mazao viwafikie. Wengine walihamishwa kwa upole, wengine paa lao liling'olewa wakiwa ndani. Migomba iliyoachwa nyuma iliota magugu, na kutembea kwenda shambani kukawa safari.

Katika mstari huo wa nyumba, kisogo kilichokuwa kikipewa njia tangu siku za misafara kiligeuzwa kwa amri. Nyumba sharti iangalie barabara. Ua wa matete haukuwa na nafasi, wala ng'ombe hawakulala tena mbele ya mwenye nyumba. Kilichobaki kwa mtu kuwa chake mbele ya mlango kilikuwa baraza, hatua tatu au nne za udongo uliokandikwa, na watu wakakiweka humo chote kilichokuwa kikiwekwa uani: mazungumzo, mirija, mapatano ya ndoa, maombolezo. Mimi ni miongoni mwa wasioweza kuisifu operesheni ile kwa namna ilivyofanywa. Lakini historia ya baraza haiandikiki bila ya kukiri kwamba ndiyo iliyolifikisha katika nyumba za maskini.

Vita vya 1978 dhidi ya Idi Amin, ambavyo mapigano yake yalikuwa kaskazini ya mkoa, vilileta jina jipya la Kagera mwaka 1979 na kufuatiwa na miaka ya dhiki: sukari, sabuni, mafuta ya taa, vyote kwa foleni. Betri zilipokosekana, redio zilinyamaza, na hadithi za sungura na fisi zikarudi barazani kwa muda.

Daraja la Rusumo: 1993–1996

Ngara ilikuwa imezoea wakimbizi. Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959 waliwekwa Muyenzi, na baadhi yao walikwisha kuwa majirani. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, Warundi wengi walivuka. Lakini yaliyotokea tarehe 28 na 29 Aprili 1994 hayakuwa na mfano: katika muda wa siku moja hivi watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa miguu, na magodoro, masufuria na watoto vichwani na migongoni, wakakusanyika Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa na kambi yake hapo wakati wa kujenga barabara. Katika majuma machache wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa hesabu.

Wenyeji walioishi kandokando ya barabara waliyaona hayo yote wakiwa wamekaa barazani, kisha hawakuweza tena kukaa, kwa kuwa mabaraza yalikuwa yamejaa. Kabla ya mahema ya bluu kusimama, wanawake wajawazito na wazee walilala chini ya mapaa ya watu wasiowajua, ambao lugha yao waliielewa kwa kuwa ni ndugu wa lugha yao. Baada ya hapo yakaja mashirika, malori, ajira za mishahara ambayo mwalimu hakupata kuiona, na bei za ndizi zilizopanda. Vilima vilinyolewa miti kwa ajili ya kuni, mazao yaliibwa mashambani, na visima vilikauka. Desemba 1996 serikali iliamuru Wanyarwanda warudi kwao, na daraja lile lile likavukwa tena, kwa upande mwingine. Warundi wa kambi ya Lukole walikaa zaidi ya miaka kumi.

Kambi ziliacha urithi wa aina mbili wenye kugusa jambo letu. Wa kwanza ni Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, ambayo ilibaki baada ya kambi kwisha na kuwa redio ya wenyeji. Wa pili ni silaha. Bunduki zilizovuka mpaka ziliingia mikononi mwa majambazi, na kwa miaka mingi mabasi yaliyopita mapori ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na askari.

Nondo na lami

Hofu hiyo ndiyo iliyobadilisha baraza kwa mara ya mwisho. Familia zilizokuwa zikikaa nje mpaka mwezi upande zilianza kuingia ndani magharibi. Na wenye uwezo, wafanyabiashara na watumishi wa serikali, waliyafunga mabaraza yao kwa nondo kutoka sakafuni hadi darini, wakakaa ndani yake wakiitazama barabara kupitia vyuma. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasaka majambazi na wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na katika wasio na vibali hao walikuwamo watu waliokwisha kuzaa na kuzika huku, ambao kaya zao zilivunjika kwa siku moja. Usalama wa njia uliongezeka, nondo hazikuondolewa.

Barabara yenyewe imekuwa mali. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo, lililojengwa kwa msaada wa Japani, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, na malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Kigali hupita usiku na mchana. Kwa hiyo baraza la Benaco au la Nyakahura leo lina meza ya chipsi, kabati la vocha, cherehani, au kochi la kinyozi. Na mama wa nyumba hulipangisha kwa mwezi, akakaa yeye nyuma, karibu na jiko, ambapo ndipo alipokuwa akikaa nyanya yake kabla ya bati kuja. Kwa upande wa pili, katika viwanja vipya vya mji wa Ngara na wa Biharamulo, panajengwa nyumba za ramani za mjini, zenye sebule pana, ukuta wa uzio na geti la chuma. Ukuta huo wafanana na ua wa matete kwa kuipa njia kisogo, lakini ndani yake hamna moto wala chungu cha pamoja; mna gari, na kila mtu na simu yake.

Rai yangu kwa wanaojenga sasa ni ndogo. Ukuta wa uzio ukiwa hauna budi, na uwe mfupi kiasi cha mtu aliyeketi kuweza kumwona apitaye na kumwamkia. Na kabla fundi hajamwaga zege, waulizwe wazee wa nyumba hiyo wapendelea kukaa wapi.